Nusu Toni: Maneno kwa Walimu wa Kwaya

Walimu wenzangu, hamjambo. Asanteni kwa kunialika, na asante zaidi kwa aliyeniwekea maji hapa mbele, maana sauti yangu imeshaliwa na muhula wa pili.

Nimeombwa nizungumzie mchujo, yaani tunavyowachagua watoto wa kwaya kabla ya Tamasha la Muziki. Tamasha hili la Kenya lilianza mwaka wa 1927, na ngazi zake mnazijua: zoni, kaunti ndogo, kaunti, eneo, hadi taifa. Lakini kwangu mimi kivumbi kinaanza mapema zaidi, mwezi wa pili, darasani: watoto 80 wamebanana mlangoni, nafasi ni 40.

Miaka yangu ya kwanza nilichagua sauti. Mtoto akija na sauti nzito ya kanisani, jina lake nimeshaliandika kabla hajamaliza ubeti. Nikajipatia kwaya ya waimbaji 40, kila mmoja akiimba kama yuko peke yake. Tuliishia zoni.

Siku hizi nachagua masikio. Mtoto akiingia nampa mgongo, nisijue ni nani, nisije nikampitisha mtoto wa mwalimu mwenzangu. Mnacheka kwa sababu mnanielewa. Nagonga noti tatu kwenye kinanda, anazirudia. Kisha nne. Kisha nawaweka wawili: mmoja anashikilia noti moja ndefu, mwingine anaimba juu yake, nione nani atavutwa na mwenzake.

Mwisho namwambia aanze wimbo wa taifa, bila kinanda. Wimbo huo, mnajua, ulitolewa kwenye wimbo wa Wapokomo wa kubembelezea mtoto, kamati ikautengeneza mwaka wa 1963. Kila mtoto anaujua, lakini kuuanzisha peke yako ni kazi nyingine. Akianza juu mno, mbele koo litamkaba tu. Sijali akikabwa. Nangoja nisikie atafanyaje. Kuna anayeendelea kukazana hadi mishipa imtoke. Na kuna anayesimama na kusema, "Mwalimu, nimeanza juu, naomba nirudie." Huyo ndiye naandika jina lake.

Wasiopita siwabandikii orodha ukutani. Nakaa na kila mmoja dakika mbili nimweleze alipokwama. Jioni yote inaisha hapo, na ni sawa.

Sasa niwape kisa cha mwaka mmoja, ngazi ya kaunti. Wimbo wa lazima, sauti nne, bila ala. Nilipewa noti, nikaigawa: soprano, alto, teno, besi. Wakaimba vizuri hivi kwamba nilijisahau. Mikono inaelekeza, moyo unacheza. Tukashuka jukwaani watu wanapiga makofi, nami nikaanza kuhesabu nauli ya kwenda ngazi ya eneo.

Msichana mmoja wa alto akanivuta shati. "Mwalimu, tumeshuka chini ya noti. Ubeti wa tatu. Ni sisi."

Nikamwambia mlikuwa sawa. Akatikisa kichwa. Akaniimbia palepale nyuma ya pazia, kwa sauti ya chini, mahali penyewe: noti moja inarudiwa mara sita. Nanyi mnajua noti ya kurudiwa ilivyo. Ni kama kusimama ufukweni maji yakirudi. Hujasogea, lakini mchanga unakuishia chini ya miguu. Alto walizama, na wengine, kwa kuwa nimewafundisha kusikilizana, wakazama nao kwa adabu kabisa.

Jaji alipoinuka kutoa maoni alisifu matamshi, akasifu pumzi. Kisha akaenda kwenye kinanda. Akagonga noti tuliyopewa mwanzoni. Akagonga na ile tuliyomalizia. Nusu toni chini, yaani hatua moja ndogo kabisa ya kinanda. Ukumbi mzima ulisikia.

Mimi, mwenye cheti cha muziki, sikuwa nimesikia. Mtoto wa miaka 13 alisikia, na alisema kabla hajaulizwa. Nilipowatazama wenzake kwenye viti, hakuna aliyemnunia jaji. Walikuwa wanatazamana na kuitikia kwa vichwa. Pembeni yetu mwalimu mmoja alikuwa ameshasimama kudai alama zake zimeibwa, sitasema zaidi. Kifua kilinijaa siku ile kuliko siku yoyote niliyobeba kombe, na makombe ninayo mawili.

Tukawa wa tatu. Walioendelea ni wawili.

Kwenye basi, tumeshapita Mariakani, nikasikia viti vya nyuma mtu anatoa noti. Wakaanza ubeti wa tatu. Dereva akapunguza redio, kisha akaizima. Mara ya kwanza walishuka tena, palepale. Wakasimama wenyewe, wakabishana kidogo, wakaanza upya. Nilikuwa kiti cha mbele na kile chuma changu cha kupimia noti mkononi. Sikugeuka. Niliwapa mgongo, kama siku ya mchujo, nikawasikiliza hadi Mazeras.