Namna ya Kupanga Safu ya Wapigaji wa Besiboli na Kumaliza Ubishi wa Nafasi ya Pili

Karibuni, ndugu watazamaji. Mezani pana ubao wa chuma, sumaku tisa, kalamu, na kadi tupu ambayo meneja wa timu humkabidhi mwamuzi kabla ya mchezo kuanza. Ubao huu ninautengeneza na kuuuza mwenyewe, na anayeutaka atapata maelezo chini ya video, ingawa vipande tisa vya karatasi vinafanya kazi ileile. Namna ya kuchagua wachezaji wa kuanza sitaionyesha, kwa sababu wachezaji wako unawajua wewe. Sumaku nane ni za walinzi wa uwanjani, kuanzia mdakaji hadi mlinzi wa uwanja wa kulia, na ya tisa ni ya mpigaji mteule, yule anayepiga kwa niaba ya mrushaji.

Angalizo moja kabla hatujaanza, na nitalirudia: namba ya mlinzi uwanjani si namba ya zamu yake ya kupiga. Mdakaji ni namba 2 uwanjani hata akipiga wa nane.

Hatua ya kwanza ni kujua unagawa nini. Katika awamu tisa timu ina auti 27, yaani mara 27 za mchezaji wake kutolewa, nazo zikiisha hakuna zaidi. Kwa hiyo unachogawa ni zamu za kupiga, ukitaka ziwaendee wengi wasiopoteza auti ovyo. Mchezo unaweza kuishia kwa mpigaji yeyote kati ya tisa, na kwa sababu hiyo kila nafasi hupata takriban zamu moja zaidi ya nafasi inayoifuata katika kila michezo tisa. Katika ligi kuu ya Marekani, ambako msimu una michezo 162, hiyo ni tofauti ya zamu 18 kati ya nafasi na jirani yake, na ya zamu 144 kati ya mpigaji wa kwanza na wa tisa. Ni kweli kwamba mpangilio peke yake hauigeuzi timu dhaifu kuwa bingwa, kwani faida yake ni mikimbio, yaani pointi, michache tu kwa msimu mzima. Lakini ni mikimbio ambayo haikugharimu mazoezi wala mchezaji mpya, na mimi siachi cha bure.

Hatua ya pili ni hesabu. Tuchukue wachezaji wawili wa mfano, kila mmoja akiwa na zamu 100. Shotistopu wetu, yaani mlinzi wa kati ya kituo cha pili na cha tatu, sumaku nyekundu, ana mipigo halali 29 na amepewa kituo cha bure, kinachotolewa mrushaji akikosea mirusho minne, mara 3. Mlinzi wa uwanja wa kulia, sumaku ya buluu, ana mipigo 22, vituo vya bure 14, na mara 2 amegongwa na mpira. Ukiangalia wastani wa upigaji, ambao hauhesabu vituo vya bure wala kugongwa, nyekundu ana 0.299 na buluu ana 0.262, na wengi wangekomea hapo. Sasa jumlisha kila mara mchezaji alipofika kituoni bila kuwa auti, kisha ugawe kwa zamu zote: nyekundu anapata 32 kwa 100, yaani 0.320, na buluu anapata 38 kwa 100, yaani 0.380. Aliyeonekana dhaifu ameokoa auti sita zaidi.

Hatua ya tatu: nafasi ya kwanza. Buluu anapanda juu kabisa ya ubao. Najua pingamizi linalokuja, kwamba shotistopu ana mbio na mpigaji wa kwanza lazima awe na mbio. Watetezi wa hoja hiyo humtaja Rickey Henderson, aliyeiba vituo 1,406, yaani kukimbilia kituo kinachofuata bila kungoja mpigo wa mwenzake, rekodi ambayo haijavunjwa. Wanachosahau ni kwamba alipewa vituo vya bure mara 2,190, na kituo cha pili hakiibiwi na mtu ambaye hajafika cha kwanza. Kwa upande mwingine yupo Kyle Schwarber, ambaye mwaka 2023 aliongoza safu ya Philadelphia Phillies katika sehemu kubwa ya msimu akiwa na wastani wa 0.197 tu. Wako waliocheka, lakini msimu huo alipata vituo vya bure 126 na kupiga homurani 47, yaani mipigo inayomwezesha mpigaji kuzunguka vituo vyote na kurudi nyumbani. Mbio zinapendeza, na kati ya wawili wanaolingana kwa kufika kituoni nitamtanguliza mwenye mbio, lakini hapa hawalingani.

Sasa tumefika kwenye ubishi wenyewe, nafasi ya pili. Kwa mazoea ya zamani aliwekwa hapo mtu mtiifu, anayejua kugusa mpira kidogo ili kumsogeza mwenzake hata kama yeye mwenyewe atakuwa auti, huku mpigaji bora akingojea nafasi ya tatu. Mazoea hayo yana historia ndefu: New York Yankees walipoanza kuvaa namba mgongoni mwaka 1929, namba zilifuata mpangilio wa wapigaji, ndiyo maana Babe Ruth alivaa 3 na Lou Gehrig akavaa 4.

Tazama hata hivyo kinachotokea katika awamu ya kwanza. Tuseme wawili wa mwanzo wana kiwango cha kufika kituoni cha 0.340, maana yake kila mmoja ana nafasi ya 0.66 ya kuwa auti. Zidisha 0.66 kwa 0.66, unapata karibu asilimia 44. Karibu nusu ya michezo yako, mpigaji wa tatu ataingia kukiwa na auti mbili na vituo vitupu, hali ambayo hata mpigo mzuri wa kituo kimoja mara nyingi hauzai kitu. Kumweka hapo mpigaji wako bora ni kumnyima zamu 18 za msimu na kumwingiza mara nyingi wakati mbaya. Kwa hiyo sumaku ya dhahabu, mlinzi wa uwanja wa kati, naiweka nafasi ya pili, na sitaiondoa. Yankees hao hao, mwaka 2022 Aaron Judge alipopiga homurani 62, mara nyingi walimpigisha wa pili. Los Angeles Dodgers walikwenda mbali zaidi mwaka 2024: Mookie Betts alipoumia mwezi Juni, Shohei Ohtani alipandishwa nafasi ya kwanza, na msimu huo aliumaliza na homurani 54 na vituo 59 vya kuibwa.

Samahani, taa inang'aa juu ya ubao na safu ya chini haisomeki. Ngoja niuinamishe kidogo. Sumaku ya mdakaji nayo imeteleza hadi nafasi ya sita. Nairudisha pembeni, haijafika zamu yake.

Nafasi ya nne anaingia mlinzi wa kituo cha kwanza, mwenye nguvu kuliko wote waliobaki, maana hapo ndipo vituo hukutwa vina wakimbiaji mara nyingi zaidi. Ya tano ni ya mpigaji mteule na ya tatu ni ya mlinzi wa kituo cha tatu. Wawili hawa wanakaribiana, na ukiwabadilisha sitagombana nawe.

Chini ya hapo angalia mambo mawili. La kwanza ni auti mbili kwa mkupuo: mpigaji mzito wa miguu, ambaye mipira yake huviringika chini, usimweke nyuma ya mtu anayefika kituoni kila mara. Mdakaji wetu ni wa namna hiyo, kwa hiyo anakwenda nafasi ya nane. La pili ni mikono. Wapigaji watatu wa mkono wa kushoto wakifuatana, mpinzani ataleta mrushaji wa akiba wa mkono wa kushoto awamalize kwa mpigo, kwani mrushaji huwasumbua zaidi wapigaji wa mkono kama wake. Tangu 2020 mrushaji analazimika kukabili wapigaji watatu au kumaliza nusu awamu, isipokuwa akiumia au kuugua, na kwa hiyo ukichanganya kushoto na kulia, mmoja wao atamkuta kwenye mkono anaoupenda.

Mlinzi wa uwanja wa kushoto anashika nafasi ya sita na wa kituo cha pili ya saba. Shotistopu namweka wa tisa, na simwadhibu: safu ni mduara, na baada ya wa tisa anarudi buluu, kisha dhahabu. Mwaka 1998 Tony La Russa, meneja wa St. Louis Cardinals, alimpigisha mrushaji wa nane badala ya wa tisa kwa sababu hiyohiyo, ili mtu afaaye awe kituoni mpigaji wake mwenye nguvu, Mark McGwire, anapoingia. Tangu 2022 ligi zote mbili zinazounda ligi kuu ya Marekani zinatumia mpigaji mteule, lakini hesabu ya mduara haijabadilika.

Hatua ya mwisho ni kadi, na hapa naomba uende polepole. Safu ya kwanza ya kadi ni zamu, kisha jina, kisha namba ya uwanjani. Shotistopu: zamu ya 9, uwanjani 6. Narudia, zamu ya 9, uwanjani 6. Soma kadi kwa sauti huku mwenzako akishika ubao, halafu mbadilishane. Mpigaji akiingia nje ya zamu, mwamuzi hakuonyi. Mpinzani akinyamaza hadi mpigaji huyo amalize, kisha akalalamika kabla ya mpira unaofuata kurushwa, aliyestahili kupiga ndiye anayekuwa auti, na mpigo wa yule aliyeingia unafutwa hata kama ulikuwa homurani. Ukigundua wewe mwenyewe katikati ya zamu, mwingize haraka aliyestahili. Atarithi hesabu ya mirusho mibovu na ya straiki, yaani mirusho inayohesabiwa dhidi ya mpigaji, ilipofikia.

Soma tena. Kisha peleka kadi kituo cha nyumbani. Mwamuzi akishaipokea rasmi, mpangilio haubadiliki tena, na mchezaji wa akiba ataingia katika zamu ileile ya mtu anayempokea.