Jaji Asiyetaka Kushika Moto

Mwenyekiti, niliahidi kuzungumzia majaji na mabadiliko ya katiba Afrika Mashariki nzima. Sitafika. Kila nikianza naishia kwa Mchungaji Mtikila, mwanasiasa wa Tanzania aliyedai mahakamani haki ya kugombea bila chama, na leo pia naishia huko.

Kesi ya mgombea binafsi mnaijua. Oktoba 1994, Jaji Lugakingira, pale Dodoma, alisoma Ibara ya 21 ya Katiba ya Tanzania, kwamba kila raia ana haki ya kushiriki utawala wa nchi yake, akasema haki hiyo haingoji kadi ya chama. Basi! Alisoma tu kilichoandikwa. Wapo wanaomtuhumu kuwa jaji mwanaharakati, anayetunga sheria badala ya kuisoma. Huo ndio uanaharakati wenyewe?

Sasa tazameni mwendo wa Serikali. Kabla hukumu haijasomwa, muswada wa kuipindua ulishatoka. Desemba ukapita. Fungueni hiyo ibara leo, inaanza: "Bila ya kuathiri masharti ya Ibara ya 39...", na hiyo ya 39 inamtaka mgombea urais atoke kwenye chama. Haki inatolewa mlangoni, inanyang'anywa sebuleni.

Mtikila akarudi. Mwaka 2006 Jaji Kiongozi Manento na wenzake wawili wakampa ushindi tena. Serikali ikakata rufaa, na Juni 2010 majaji saba wa Mahakama ya Rufani, chini ya Jaji Mkuu Ramadhani, wakasema suala hili ni la kisiasa, liachiwe Bunge.

Najua, kuna anayenung'unika pale nyuma: "Jaji hakupigiwa kura na mtu." Kweli kabisa. Lakini wabunge wote ni wa vyama! Ndio waamue kama asiye na chama aje kugombania viti vyao? Hiyo ni kesi ya ngedere kupelekwa kwa nyani. Na jaji anayejitoa hajakaa pembeni. Ameshampa mmoja ushindi, ila hataki kuonekana.

Juni 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, hapo hapo Arusha, ikasema Tanzania imekiuka haki. Katiba Inayopendekezwa ya 2014 ikamkubali mgombea binafsi, kura ya maoni haikupigwa, na mgombea binafsi hatunaye mpaka leo.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Kenya kwa mbio: Machi 2004, katika kesi ya Njoya, majaji wawili kati ya watatu walisema Bunge linaweza kurekebisha katiba, si kuandika mpya, hiyo ni kazi ya wananchi kwa kura. Mwaka uliofuata wananchi wakaulizwa kwa kura, wakaikataa katiba mpya iliyopendekezwa. Ya BBI, ule mpango mwingine wa kubadili katiba ya Kenya uliofikishwa mahakamani, nimeiruka, anayetaka kubishana anikute kwenye chai.