Jumba la Hardwick Lisomwe kwa Kupanda Ngazi

Mabibi na mabwana, kila ninapoitwa kuzungumzia majumba ya kale ya Uingereza hulisema jambo hili, na leo nitalisema tena, kwa kuwa vitabu vya picha havijaacha kutupotosha. Jumba la Hardwick, katika jimbo la Derbyshire, halieleweki kwa kutazamwa usoni. Usoni mtu huona vioo, minara sita, na juu ya minara hiyo herufi za mawe E na S, yaani Elizabeth Shrewsbury, mjane aliyelijengesha jumba hili, ambaye historia inamjua zaidi kwa jina la Bess wa Hardwick. Akishaona hayo hurudia ule msemo wa tangu zamani kwamba Hardwick lina vioo vingi kuliko kuta, kisha huondoka akidhani amemaliza.

Hajamaliza, hata kuanza hajaanza. Swali la kwanza ambalo fundi yeyote angeuliza ni hili: kuta za nje zikitobolewa kwa kiasi hicho, uzito wa jumba unabebwa na nini, na moshi unapita wapi? Robert Smythson, aliyebuni ramani ya jumba hili lililojengwa kati ya mwaka 1590 na 1597, aliingiza dohani ndani ya kuta za katikati, ili kuta za nje zibaki huru kupokea madirisha bila kudhoofika. Hata hivyo, baadhi ya madirisha hayo hayaangazi chumba chochote, kwa maana nyuma ya vioo vyake mna ukuta, na yamewekwa ili sura ya nje isivunjike.

Sasa pandeni nami. Ghorofa ya chini ina dari fupi na madirisha mafupi, nayo ilikuwa ya jiko na kazi za watumishi. Ghorofa ya pili ni ndefu zaidi, na humo aliishi Bess mwenyewe na jamaa zake. Ya tatu, ambako kwa desturi za majumba mengi tungetarajia vyumba vya kudharauliwa, ndiyo yenye dari ndefu na madirisha makubwa kupita zote, kwa sababu ndiyo ya heshima: ukumbi mkuu wa kupokelea wageni, ambao sehemu ya juu ya kuta zake imezungushiwa plasta ya rangi yenye msitu, wanyama na mungu wa kike Diana, na ushoroba mpana wenye urefu wa takriban mita 50. Mgeni alipandishwa kwa ngazi ya mawe inayozunguka ndani ya jumba, na kila alipopanda mwanga uliongezeka. Kwa hiyo madirisha yanayokua kuelekea juu ni daraja za watu zilizoandikwa ukutani. Malkia Elizabeth wa Kwanza, ambaye ghorofa ile ilimstahili, hakufika kamwe.

Wapo watakaosema kwamba hiyo ni fahari ya mjane tajiri na kwamba fedha hufanya yote. Ni kweli kwamba mawe yalitoka karibu na vioo vilitoka katika karakana yake mwenyewe. Lakini hatua chache tu kutoka hapo limesimama gofu la jumba lake la kwanza, ambalo ujenzi wake uliendelea hata wakati jipya likiinuka. Mwenye mali ni yuleyule, kilima ni kilekile, ila la kwanza liliongezwa kipande baada ya kipande, na umbo lake halina ulinganifu. Kilichotofautisha majumba hayo mawili ni ramani, na ninaomba tuache kuwanyima mafundi haki yao.

Ningependa kueleza kwa urefu jinsi ukumbi wa chini ulivyogeuzwa ukakabili mlango moja kwa moja, badala ya kulala sambamba na uso wa jumba kama ilivyozoeleka Uingereza, lakini muda hauruhusu. Niseme tu kwamba warithi, ukoo wa Cavendish, walipendelea Chatsworth, jumba lao jingine, na kuanzia mwaka 1687 ni Chatsworth walilolijenga upya kwa mtindo mpya. Hardwick, lenye baridi kali kwa ajili ya vioo vilevile, halikusumbuliwa, na mpango wa Smythson ukabaki karibu kama alivyouacha.