Ophelia, hodhi na bili ya pauni 50

ZUHURA: Karibuni. Wiki hii mwenzenu nimeshinda na ubao wa nyeupe mbichi, yaani kuchora juu ya rangi nyeupe isiyokauka bado, mtindo wa kina Holman Hunt na Millais, wachoraji wa Uingereza wa karne ya 19. Huyo Millais ndiye aliyechora Ophelia, msichana wa Shakespeare anayekufa maji. Kwa hiyo leo mafunzo matatu. La kwanza: mchoro unakaa juu ya tabaka jeupe lililokauka likawa gumu kama jiwe. Asubuhi ya kazi unachukua nyeupe nyingine, unaifyonza mafuta kwa karatasi, unatia tone la vanishi ya sandarusi...

KOMBO: Ehee, sandarusi! Ile gundi ya miti waliyoichimba Mrima ikauzwa Unguja.

ZUHURA: Jamii hiyo, sisemi ilitoka huko. Unaisambaza kwa kisu cha rangi, nyembamba, mchoro uonekane kwa chini. Eneo la siku moja tu! Kisha rangi zinazopitisha mwanga, kwa brashi laini. Ukikandamiza, nyeupe inapanda, rangi inageuka chokaa. La pili...

KOMBO: Na taa?

ZUHURA: Taa gani tena, kaka?

KOMBO: Za chini ya hodhi. Elizabeth Siddal, aliyekaa mbele ya Millais achorwe kama Ophelia, amelala ndani ya maji, Gower Street, London, baridi ya Uingereza, anapashwa moto kwa taa za mafuta. Zikazimika, Millais hana habari. Msichana akaugua, baba yake akadai pauni 50.

ZUHURA: Wakapatana kwa pungufu. Gauni lenyewe lilikuwa la pauni 4. La pili, brashi...

KOMBO: Brashi anayo, taa hana!

ZUHURA: Bwana wee.

KOMBO: Hebu tazama mpangilio. Majani aliyaanza kiangazi cha 1851, mtoni Hogsmill, miezi kadhaa. Mwanamke akaja mwisho, kujaza nafasi iliyoachwa. Ni ua mojawapo.

ZUHURA: Hapana. Angalia mdomo ulioachama kidogo, viganja vilivyofunguka, gauni lilivyokunywa maji likawa zito. Huchori hivyo bila kumtazama mtu aliye mbele yako.

KOMBO: Alimtazama, sikatai. Lakini hadithi inamtaka apendeze akiwa anakufa. Mchoraji Waterhouse naye, 1888, Lady of Shalott, mwanamke wa kwenye shairi anayekufa, yumo kwenye mtumbwi: yale yale. Na Siddal alikuwa mchoraji! Ruskin, mhakiki wa sanaa, alikubali 1855 kumlipa pauni 150 kwa mwaka kwa kazi zake. Nani anazikumbuka?

ZUHURA: Hilo ni kosa letu watazamaji. Usilitundike kwenye kanvasi ya Millais.

KOMBO: Nalitundika papo hapo.

ZUHURA: Basi tumegoma wote. Fundi ananionyesha dakika mbili. La pili limekufa. La tatu kwa ufupi: rangi ikishakauka usiirudie, mng'ao unapotea wote.

KOMBO: Na Rossetti, mchoraji aliyekuwa mumewe Siddal, je? Siddal amefariki 1862, naye anamchora katika picha iitwayo Beata Beatrix, macho yamefumba...

ZUHURA: Kombo, muda!

KOMBO: Namalizia. Macho yamefumba, na wewe bado unaniambia ni mtu?

ZUHURA: Bado.