Mjomba Mkono

ZUHURA: Karibuni tena. Mimi Zuhura, na huyu aliyekumbatia daftari ni nani tena kama si Baraka.

BARAKA: Daftari la leo lina maswali saba ya kumuuliza mpiga picha wa harusi kabla hujampa kianzio. Na yote saba tutayamaliza, wasikilizaji mashahidi.

ZUHURA: Subiri kwanza. Wiki hii binti ya shangazi yangu, anayeolewa, kaniita tukamchague mpiga picha. Mmoja katuonyesha picha zake bora, kila moja ya kutundika ukutani. Nikamwambia, kaka, tunaomba picha zote za harusi moja ya usiku, ukumbini, kama ulivyomkabidhi mwenye harusi, ikiwa ameridhia zionwe. Akazileta bila kinyongo.

BARAKA: Hilo ndilo swali langu la kwanza! Picha thelathini kali mtu anaweza kuziokota kwenye harusi ishirini. Albamu nzima ndiyo inayokuonyesha taa zikififia anafanya nini.

ZUHURA: Na kazi anaijua. Bibi harusi wa kwenye albamu hiyo ni mweusi, gauni jeupe pe, lakini uso umetoka vile ulivyo na gauni bado unaona nakshi zake. Wewe ndiye uliyenizoesha kuangalia hapo.

BARAKA: Kwa sababu kamera ikiachiwa ijiamulie, hutafuta mwanga wa kati, kama wa kijivu. Gauni jeupe likijaa kwenye fremu, inapunguza mwanga, na uso mweusi unazama gizani. Mpiga picha akiongeza mwanga bila hesabu, gauni linaungua, linabaki doa jeupe tupu. Hapo hata uhariri hauna cha kurudisha.

ZUHURA: Basi tukafika kwenye kuvishana pete. Vidole hivi, pete hii, na kuliani mkono wenye shati la bluu umeinua simu. Picha inayofuata, mkono. Wanakumbatiana, mkono! Na kwenye kioo cha simu unawaona maharusi wadogo, wametulia vizuri kuliko kwenye picha yenyewe.

BARAKA: Mjomba Mkono huyo.

ZUHURA: Hahaha! Jina limempata. Na kwenye kukata keki yupo, kahamia kushoto.

BARAKA: Mjomba Mkono hakosi. Ila hapa mimi sicheki, dada. Wakati wa viapo na pete, mshehereshaji atangaze: simu mifukoni. Dakika chache tu, kisha kila mtu apige anavyotaka.

ZUHURA: Hapana. Hilo silikubali.

BARAKA: Fikiria. Mpiga picha kajibana nyuma na lenzi ndefu, ile ya milimita 70 hadi 200, ili asiwakalie maharusi puani. Mtu mmoja akichomoza njiani, pete imeshaingia kidoleni. Utawaambia warudie? Tena wengine wanarekodi video na tochi imewashwa, mwanga wa simu unampiga bibi harusi shavuni, rangi ya uso inabadilika.

ZUHURA: Na Mjomba Mkono anampigia nani? Huenda bibi yuko kitandani, hakuweza kuja, anasubiri aone usiku huohuo. Albamu ya mtaalamu huja baada ya wiki kadhaa. Wale ni wageni, Baraka, wamealikwa kushuhudia. Wewe unawapanga kama viti.

BARAKA: Kushuhudia ni kwa macho.

ZUHURA: Kwa macho na kwa simu. Mpiga picha analipwa kujua watu watasimama. Asogee, au aje na mwenzake akae upande wa pili.

BARAKA: Huyo mwenzake analipwa na nani? Mjomba?

ZUHURA: Akiambiwa kiustaarabu pale mlangoni akae kwenye kiti chake, sawa. Kunyang'anywa simu mbele ya ukoo, la.

BARAKA: Nani kasema kunyang'anya? Nimesema tangazo.

ZUHURA: Tangazo ni hilohilo, limevaa tai tu.

BARAKA: Tutakesha. Mimi nabaki na tangazo langu.

ZUHURA: Na mimi na mjomba wangu. Tena nikwambie, ile picha ya keki, ukimtazama usoni, machozi yanamtoka. Simu juu, machozi chini. Ningekuwa mimi bibi harusi, hiyo ningeichapa kubwa.

BARAKA: Hiyo nakupa, ni picha nzuri. Ila ya pete imeharibika.

ZUHURA: Haijaharibika, ina watu.

BARAKA: Fundi mitambo anatuonyesha vidole viwili. Dakika mbili! Jamani, nina maswali sita!

ZUHURA: Chagua.

BARAKA: Haya, harakaharaka. Muulize kama kamera yake ina nafasi mbili za kadi za kuhifadhia picha na kama anaandika kila picha kwenye zote mbili kwa wakati mmoja. Kadi moja ikifa, harusi bado ipo.

ZUHURA: Na kwamba hafuti kadi mpaka picha zikae sehemu nyingine mbili. Haki za kuchapisha je?

BARAKA: Hiyo ni kipindi kizima, sheria zinatofautiana nchi na nchi. La mwisho: kwenye mkataba liandikwe jina la mtu atakayekuja kupiga siku yenyewe, si jina la studio tu. Na nani atashika nafasi yake akiugua, na saa...

ZUHURA: Muda umekwisha. Kwaherini!