Jinsi ya kuchagua na kukalibrisha skrini ya kugredi video nyumbani

Karibu. Kugredi ni kurekebisha rangi na mwanga wa video, na kukalibrisha ni kuiweka skrini ionyeshe rangi kwa usahihi. Leo tunaanza na taa, kabla hata ya kuiwasha skrini. Kama juu ya meza yako kuna balbu ya manjano, izime. Jicho huzoea mwanga wa chumba: ukikaa chini ya balbu ya kelvini 2700 (kelvini ni kipimo cha joto la rangi ya mwanga), skrini iliyo sahihi itakuonekania ya bluu, nawe utaisukuma picha upande wa njano mpaka ikuridhishe. Mtazamaji akiifungua kwake, atakuta nyuso zimepakwa binzari. Shusha pazia zito, halafu weka taa ya kelvini 6500 nyuma ya skrini, imulike ukuta, isikumulike wewe wala kioo. Chagua yenye CRI, yaani alama ya uwezo wa taa kuonyesha rangi kwa usahihi, ya 95 kwenda juu. Ukuta uwe mweupe au wa kijivu, na mwanga wake uwe takriban asilimia 10 ya weupe wa skrini.

Sasa tuchague skrini. Kwa video za YouTube na televisheni ya kawaida, shabaha ni kiwango kiitwacho Rec.709: weupe wa D65 (ule wa kelvini 6500 hivi), mwangaza wa niti 100 (niti ni kipimo cha mwangaza wa skrini), na gama, yaani mkunjo wa mwangaza kutoka weusi hadi weupe, ya 2.4 kwa chumba chenye giza. Chumba chako kikiwa na mwanga kiasi mchana, tumia 2.2. Shika hilo la gama, tutalirudia.

Paneli, yaani kioo chenyewe cha skrini, ziko za aina kadhaa, na ya IPS ndiyo chaguo salama kwa bajeti ndogo. Rangi yake haibadiliki sana ukisogea kushoto au kulia, ila weusi wake ni hafifu. Kwa utofauti kati ya weupe na weusi wa 1000:1, weupe ukiwa niti 100, weusi hauwezi kushuka chini ya niti 0.1. VA hufika 3000:1, lakini ukiinamisha kichwa kidogo vivuli vinabadilika, kwa hiyo mimi siipendekezi kwa kugredi. OLED inazima kila pikseli kivyake na weusi wake ni weusi kweli.

Angalia pia upana wa rangi. Unahitaji skrini inayofunika sRGB, kiwango cha rangi cha kompyuta, kwa karibu asilimia 100, kwa sababu sRGB na Rec.709 zina rangi za msingi na weupe uleule. Tofauti iko kwenye mkunjo wa mwangaza. Laptopu nyingi za bei ya chini huandikwa asilimia 45 ya NTSC, kipimo kingine cha upana wa rangi. Hizo ziache kabisa, kwani kalibresheni haiongezi rangi ambayo paneli haina. Kwa upande mwingine, skrini ya DCI-P3 (upana wa rangi wa sinema, mkubwa kuliko sRGB) isiyodhibitiwa huonyesha nyekundu kali kupita kiasi. Utazipunguza, na kwa watu wengine ngozi zitatoka zimepauka. Hakikisha menyu yake ina hali ya sRGB na vidhibiti vya R, G na B kimojakimoja.

Ukinunua monita ya mtumba, Kariakoo au Luthuli, omba iwashwe kwa nusu saa, kisha fungua picha nyeupe tupu ijae kioo chote. Tazama kona. Kona moja ikiwa ya njano na nyingine ya kijivu, iache hapohapo: kolorimita, kile kifaa kidogo kinachosoma rangi juu ya kioo, hupima katikati tu, haiwezi kutibu kona.

Hatua ya kwanza baada ya kuiweka mezani: rudisha mipangilio ya kiwandani, iache ipate joto dakika 30, halafu zima kila kinachojiamulia chenyewe. Kontrasti inayobadilika, hali ya kuokoa umeme, kihisi cha mwanga wa chumba, mwanga wa usiku wa kompyuta, True Tone kwenye Mac. Kimoja kikibaki, vipimo vyako vyote ni bure, maana skrini itakuwa inahama wakati unaipima. Kwenye televisheni anza na Filmmaker Mode na chagua joto la rangi la Warm.

Hatua ya pili ni njia ya mawimbi, yaani mawimbi ya picha yanavyosafiri kutoka kompyuta hadi skrini. Picha inayopita kwenye kadi ya michoro huguswa na mfumo wa kompyuta kabla haijafika kwenye kioo. Kifaa kama UltraStudio Monitor 3G au kadi ya DeckLink Mini Monitor 4K huitoa picha moja kwa moja kutoka DaVinci Resolve, programu ya kugredi, bila mfumo kuigusa. Kama una uwezo wa kununua kimoja, nunua.

Kisha linganisha viwango. Video hutumia 16 hadi 235, kompyuta hutumia 0 hadi 255, na pande mbili za kebo ya HDMI lazima zikubaliane. Weusi ukionekana wa kijivu na picha imefifia, unatuma 16–235 kwa skrini inayosubiri 0–255. Vivuli vikizama na nywele zikawa doa moja jeusi, ni kinyume chake. Usijaribu kurekebisha hali hiyo kwa gurudumu la rangi. Rekebisha kwenye Data Levels za Resolve au kwenye menyu ya HDMI ya skrini.

Hatua ya tatu, bandika kolorimita juu ya kioo. Inamisha skrini nyuma kidogo kilale vizuri, mwanga wa nje usipenye. Fungua DisplayCAL, programu ya bure ya kupima na kukalibrisha skrini, na kabla ya chochote chagua faili la masahihisho linalolingana na paneli yako: LED nyeupe, LED ya rangi pana, au OLED ya WRGB. Wengi huruka hapa, kisha weupe unatoka na ukijani au uwaridi, na lawama inaangukia kolorimita.

Onyesha kiraka cheupe (kisanduku cha rangi moja kwenye kioo) na punguza mwangaza hadi niti 100. Angalia jina la kidhibiti: kwenye monita, "Brightness" kwa kawaida ni taa ya nyuma, lakini kwenye televisheni nyingi ni kiwango cha weusi. Kwa OLED tumia kiraka kinachojaza asilimia 10 ya kioo, kwa sababu kiraka kikubwa huifanya televisheni ijipunguze mwangaza yenyewe.

Sasa weupe. Shabaha ya D65 kwenye usomaji wa kolorimita ni x 0.3127, y 0.3290. Punguza rangi iliyozidi, usiongeze iliyopungua. Ukipandisha kidhibiti kupita 100, rangi hiyo hukatika juu na mawingu hupata doa la rangi.

Hapa ndipo turudi kwenye gama, na naomba usiruke. Ngozi nyeusi iliyopigwa mwanga laini hukaa sehemu ya chini ya mawimbi ya picha (asilimia 0 ni weusi, 100 ni weupe), na huko ndiko gama inakouma. Kwa mawimbi ya asilimia 90, tofauti ya gama 2.2 na 2.4 ni takriban asilimia 2 tu. Kwa asilimia 30, gama 2.4 inatoa niti 5.6 na gama 2.2 inatoa niti 7.1. Uso uleule, mwanga zaidi kwa robo nzima! Skrini inayoonekana sawa kwenye shati jeupe inaweza kukudanganya usoni. Kwa hiyo ukipima, soma kwanza kijivu cha asilimia 10, 20, 30 na 40, ndipo uende kwenye rangi.

Hatua ya nne, acha DisplayCAL ipime viraka na kutengeneza LUT ya 3D, yaani jedwali la kusahihisha rangi, kwa ajili ya Resolve. Inaweza kuchukua saa kadhaa, basi zima kitunza skrini. Ukimaliza, fungua Project Settings, Color Management, uiweke kwenye Video Monitor Lookup Table. Usiiweke kwenye nodi, yale masanduku ya Resolve unayogredia picha! Ukiiweka humo itaingia kwenye faili unalotoa, na kasoro za skrini yako zitageuzwa na kusambazwa kwa watazamaji wote.

Thibitisha kwa kupima upya. Wastani wa Delta E 2000, kipimo cha kosa la rangi, ukiwa chini ya 2, na kijivu hakipiti 3 popote, anza kazi. Ukipita hapo, kagua faili la masahihisho na viwango vya HDMI kabla ya kurudia upimaji wote.

Huna kolorimita bado? Tumia hali ya sRGB ya kiwandani, weka chumba sawa, na uamini waveform na vectorscope (grafu za Resolve za mwangaza na za rangi) kuliko jicho. Simu itumie kutazama kazi iliyokwisha tu, ikiwa kwenye hali ya rangi asilia badala ya ile ya kung'arisha. Na andika tarehe ya kipimo kwenye karatasi nyuma ya skrini, upime tena baada ya mwezi.