Gonga Chesisi Kabla Hujanunua Injini
(Mhadhara uliotolewa Nakuru mbele ya mafundi vijana na wenye pikapu za zamani)

Wazee wetu, nawaamkia kwa heshima. Kina mama, vijana, hamjambo. Asanteni kwa kuacha kazi zenu Jumamosi asubuhi.

Nimeombwa nizungumze kuhusu kuzipa pikapu za zamani maisha mapya: kubadilisha chesisi, yaani fremu inayobeba gari lote, ekseli, springi, breki, stelingi. Nitaanzia chini ya gari na nitakaa huko huko, kwa maana wateja wengi wanaoingia karakana kwangu wana neno moja tu mdomoni: "Fundi, nitafutie injini." Huyu ana Land Rover ya marehemu babake iliyobeba maziwa Njoro tangu miaka ya sabini. Yule ana Datsun ya shamba iliyolala chini ya mwembe. Wote wanataka injini ya dizeli yenye nguvu, na wote nawauliza swali lile lile: ni lini mara ya mwisho ulipolala chali ukaitazama chesisi?

Bodi ya Land Rover ni ya aluminiamu. Haishiki kutu nyekundu, kwa hiyo inaweza kupakwa rangi ikapendeza huku kilichoibeba kikiisha. Chesisi yenyewe ni ya chuma: bamba zimechomelewa zikawa kama sanduku refu lenye uwazi ndani. Matope na maji yanaingia kwenye uwazi ule na hayana haraka ya kutoka. Kutu inaanza ndani na kula ikija nje, kama mchwa anavyokula nguzo ya ua akaacha ganda. Ukiitazama kwa macho utasema ni nzima.

Chukua nyundo ndogo ugonge. Chuma kizima kinalia, kilichooza kinanyamaza. Anza boriti ya nyuma inayofunga tela, uje kwenye mikono inayobeba bodi, umalizie pale springi zinaposhikia. Mwaka jana niliitiwa pikapu Subukia, Land Rover ya inchi 109 kutoka gurudumu la mbele hadi la nyuma, rangi mpya, matairi mapya. Mwenyewe alikuwa amekwisha lipia injini. Nikagonga boriti ya nyuma, haikulia. Nikasukuma bisibisi, ikaingia mpaka kwenye mpini, na nilipoichomoa ukamwagika unga wa kahawia kwenye kifua changu, mwingi wa kujaa kikombe. Yule mzee alichuchumaa akautazama, hakusema neno. Pesa ya injini ingemjengea chesisi.

Sasa, ukishagonga na kujua hali, ufanye nini? Msimamo wangu ni huu, na ninausema kwa nguvu maana nimeona magari mengi yakiharibiwa. Chesisi ikiwa nzima, iache pale pale, ubadilishe vinavyotembea: ekseli, springi, breki, stelingi. Ikiwa imeoza sehemu, kata palipooza urudishie chuma cha unene ule ule. Ikiwa imekwisha, tafuta kwanza chesisi ya aina ile ile. Kuichukua bodi ya gari hili ukaivisha chesisi ya gari jingine ni njia ya mwisho, hata kama ndiyo inayosifiwa zaidi na vijana.

Najua wanakoitoa. Marekani kuna pikapu za Chevrolet za mwaka 1947 hadi 1955, zile zenye mabega ya mviringo, na watu huko wamezoea kuziweka juu ya chesisi ya pikapu ndogo ya baadaye, Chevrolet S-10. Kutoka gurudumu la mbele hadi la nyuma, ile ya zamani ya nusu tani ina inchi 116. S-10 yenye kitanda kirefu cha mizigo ina 117.9. Zinakaribiana sana. Lakini mtu akishashusha bodi anakuta magurudumu yamezama ndani ya mabega, kwa sababu S-10 ni nyembamba, na inabidi atafute rimu nyingine au ekseli pana. Urefu ulilingana, upana ukakataa.

Hapa kwetu mfano wake ni Land Rover ya Series, zile za zamani, juu ya chesisi ya Range Rover ya kwanza au Discovery ya kwanza. Kinachovutia nakielewa: Range Rover ilipotoka 1970 ilikuwa na springi za koili na breki za diski magurudumu yote manne. Ila kutoka gurudumu hadi gurudumu ina inchi 100. Mwenye 109 lazima akate chesisi katikati aongeze inchi 9; mwenye ile fupi ya 88 apunguze 12. Na ekseli zake ni pana kwa karibu inchi 6, kwa hiyo matairi yanatokeza nje ya bodi. Land Rover wenyewe walipoweka ekseli pana kwenye modeli yao mpya, One Ten, mwaka 1983, walilazimika kuongeza vifuniko juu ya magurudumu. Tazameni One Ten yoyote ya miaka ile mtaviona.

Kabla ya kukata chochote, pima. Hapa naomba tukae kidogo.

Hamhitaji mashine ya bei. Weka gari mahali penye sakafu ya saruji, liinue sawasawa juu ya stendi nne, hakikisha kwa pimamaji. Kisha chukua timazi, ile ile ya mjenzi wa nyumba. Ishushe kutoka tundu la bolti ya springi ya mbele kulia mpaka ncha iguse sakafu, subiri itulie, weka alama ya chaki. Fanya vivyo hivyo kushoto, na nyuma pande zote mbili, halafu kwenye kila maunti, mahali pa kufungia, ya bodi na ya injini. Ukimaliza, sukuma gari kando. Chesisi yako yote imechorwa sakafuni. Sasa pima msalaba: mbele kulia hadi nyuma kushoto, kisha mbele kushoto hadi nyuma kulia. Zikitofautiana kwa milimita mbili tatu, endelea. Zikitofautiana kwa upana wa kidole, chesisi hiyo iliwahi kugongwa au kupinduka, na ukiijengea juu yake, gari litatembea upande kama kaa na kula matairi mpaka utachoka kununua.

Chesisi ya gari la kuchinjwa, lile la kutolewa vipuri, nayo ichoreni hivyo hivyo kabla ya kutoa pesa. Magari ya mitumba yaliyozidi miaka 8 hayaruhusiwi kuingia Kenya, kwa hiyo chesisi nyingi za zamani tunazopata ni za ajali za humu humu nchini. Muuzaji hatakwambia gari lilipinduka wapi. Chaki itakwambia.

Kuna jambo jingine linaloishi kwenye chesisi: jina la gari. Kwenye Land Rover za Series namba ya chesisi imepigwa kwenye mkono wa mbele upande wa kulia, karibu na springi, mahali ambapo kutu inapenda kukaa. Ukibadilisha injini, rangi au bodi, NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, wanapaswa kujua na logbuku ibadilishwe. Lakini ukibadilisha chesisi umebadilisha gari lenyewe. Nendeni kuuliza kabla ya kukata, si baada. Na kijana yeyote akiombwa kukata kipande chenye namba akichomelee kwenye chesisi nyingine "ili karatasi zikubaliane", akatae kazi hiyo hata kama ana njaa. Hiyo ni kesi ya jinai, na mwenye mkono uliochomelea ndiye wewe.

Waingereza kwa miaka mingi walikuwa na hesabu ya alama kwa magari yaliyojengwa upya. Chesisi ya asili, au mpya ya aina ile ile isiyobadilishwa, ilipewa alama 5. Springi na mfumo wake 2, ekseli 2, giaboksi 2, stelingi 2. Injini je? Alama 1. Gari lilihitaji alama 8 ili libaki na usajili wake wa zamani. Niliposikia hesabu hiyo nilifurahi, kwa sababu inakubaliana na kile nyundo ilichonifundisha: injini ni mgeni ndani ya gari, chesisi ndiyo mwenye nyumba.

Sasa nije kwenye vinavyotembea, na nianze na kosa langu mwenyewe.

Miaka mingi nyuma nilimfanyia mteja Land Rover Series IIA, pikapu ya 109. Tuliitoa injini ya petroli, tukaweka Isuzu 4JB1, dizeli ya lita 2.8. Difu, zile gia za kwenye ekseli, zilikuwa za 4.7, yaani shafti inazunguka mara 4.7 gurudumu likizunguka mara moja; nikaweka za Range Rover, 3.54. Maana yake, kwa mzunguko ule ule wa injini, gari linakwenda kasi zaidi kwa theluthi. Injini ilizibeba vizuri. Breki niliziacha kama zilivyokuwa: dramu pande zote, bomba moja la mafuta kwa magurudumu yote manne, bila boosta ya kuusaidia mguu. Niliweka lining mpya nikaona nimemaliza.

Tulikwenda kulijaribu na magunia ya viazi. Tukirudi, tulipopita Mau Summit na kuanza kuteremka Sachangwan kuelekea Salgaa, nilitazama saa ya mwendo, ikasoma 60. Nilitulia. Nilichosahau ni kwamba kwenye gari hilo saa ya mwendo inapata habari zake kwenye transfa, ile giaboksi ndogo inayogawa nguvu mbele na nyuma, kabla ya difu. Nimebadilisha difu, saa haijui. Iliposema 60, tulikuwa 80. Na joto linaloingia kwenye breki halipandi sambamba na mwendo; mwendo ukiongezeka kwa theluthi, joto linakaribia mara mbili.

Pedali ikaanza kushuka. Dramu ikipata moto inatanuka, inaikimbia lining. Nikakanyaga tena, ikashuka zaidi, harufu ikaingia ndani. Mbele yetu kulikuwa na lori la kreti za soda. Nikarudisha gia ya tatu, nikapigana na ya pili ikaingia kwa kelele, nikaanza kuvuta breki ya mkono kidogo kidogo. Kilichotuokoa ni kwamba breki ya mkono ya Land Rover hizo haishiki magurudumu, inashika shafti nyuma ya transfa, na dramu yake ilikuwa baridi. Tulisimama kwenye majani kando ya barabara. Mteja wangu alishuka akakaa chini, akasema, "Mungu ni mwema, fundi." Mimi sikuweza kumjibu.

Tangu siku hiyo gari haliongezwi nguvu karakana kwangu kabla halijaongezwa breki. Diski mbele, boosta, na pampu ya sakiti mbili ili bomba moja likipasuka, ekseli moja ibaki na breki. Mwenye pesa ya kimoja tu, injini ama breki, namfanyia breki. Wengine wameondoka kwa hasira.

Kwenye ekseli, angalieni difu iko upande gani na transfa inatokea upande gani. Hesabuni stadi, bolti zinazoshika gurudumu: Land Rover ina tano, Hilux na Land Cruiser nyingi zina sita, kwa hiyo ekseli mpya ina maana ya rimu mpya na spea taya ya aina hiyo. Na ukichomelea viti vya springi kwenye ekseli ngeni, usichomelee kwa mwisho mpaka gari lote limekaa na uzito wake. Pua ya difu na mkia wa transfa lazima vielekee sambamba. Visipokuwa sambamba, krosi, yaani viungo vya shafti ya propela, zinapigana, gari linatetemeka kwenye mwendo fulani, na krosi hazimalizi mwaka.

Kuchomelea chesisi: msikate wima na kuunganisha wima. Kata kwa mshazari, tia bamba la ndani, na bamba la nje liwe na ncha zilizochongoka kama almasi, si mraba, kwa sababu mraba unakusanya uzito kwenye mstari mmoja na chesisi itapasuka hapo hapo. Toeni tangi la mafuta kabisa. Toeni waya za betri.

Wenye Peugeot 504 msinijie na habari ya kubadilisha chesisi. Gari hilo halikujengwa kama Land Rover. Kabini na sakafu yake vimechomelewa pamoja, hakuna bolti za kufungua uinue bodi. Fanyeni bushi, shoku, breki na stelingi, litawatumikia.

Nimesema mengi kwa mdomo. Ile pikapu ya Subukia iko hapo nje chini ya turubai, bodi tumeshaitoa, chesisi iko juu ya stendi. Timazi ninazo mbili na chaki ipo. Wawili washike utepe, mmoja aandike, na mzee mwenye gari atugongee ile boriti ya nyuma kila mtu aisikie.